Madodoso 400 hayaokoi orodha mbovu ya kaya

Chukua idadi ya watu wa Jiji la Dodoma kwa Sensa ya 2022: watu 765,179. Iingize kwenye kanuni ya Yamane ya kukokotoa sampuli, yaani idadi ya kuhojiwa, ile inayokaririwa na karibu kila mwanafunzi anayeandika pendekezo la utafiti, kwa kosa la asilimia 5, yaani jibu liruhusiwe kupishana na ukweli kwa kiasi hicho. Jibu ni 400. Sasa chukua mkoa mzima wa Dodoma, watu 3,085,625. Jibu ni 400. Chukua nchi nzima, watu 61,741,120. Bado ni 400.

Mwanafunzi anayeona hivyo kwa mara ya kwanza angepaswa kuuliza maswali mengi. Badala yake, mara nyingi anapumua: namba imepatikana, sura ya tatu imeisha, twende tukagawe madodoso. Hapo ndipo utafiti wake unapoanza kuharibika, na hakuna programu ya kompyuta itakayokuja kuutengeneza.

Kanuni yenyewe haina kosa la hesabu. Ukiifungua ndani ni kanuni ya kawaida ya kukadiria asilimia: 1.96, namba ya uhakika wa asilimia 95, imefanywa 2, uwiano umewekwa 0.5 kwa sababu ndio unaodai sampuli kubwa kuliko yote, kisha jibu linapunguzwa kidogo pale watu wanapokuwa wachache. Kijiji cha kaya 500 kitakupa 222, cha kaya 2,000 kitakupa 333, na ukishavuka makumi ya maelfu ukubwa wa eneo karibu hauna neno tena. Shida iko kwenye masharti ambayo kanuni haiyaandiki. Inachukulia kwamba una orodha kamili ya kaya zote, kwamba umechagua moja moja kwa nasibu kutoka kwenye orodha hiyo, kwamba kila iliyochaguliwa imepatikana na kujibu, na kwamba unatafuta asilimia moja tu ya kundi zima. Ukitaka kulinganisha makundi mawili, tuseme kaya zinazoongozwa na wanawake na zinazoongozwa na wanaume, na tofauti unayotarajia ni kati ya asilimia 50 na 60, utahitaji karibu kaya 390 kwa kila kundi ili uwe na nafasi ya asilimia 80 ya kuiona tofauti hiyo. Zile 400 zako ni za kundi moja.

Msimamo wetu ni kwamba utafiti wa kaya tunaufundisha kuanzia mwisho. Muda mwingi unaenda kwenye kanuni ya sampuli na kwenye vitufe vya SPSS, programu ya kuchambua takwimu. Orodha ya kaya na lugha ya swali, ambako data hufia, vinapewa kipindi kimoja au viwili, tena darasani. Dodoma ina Chuo Kikuu, ina Chuo cha Mipango, ina makao makuu ya Ofisi ya Taifa ya Takwimu, na imezungukwa na vijiji vinavyofikika kwa daladala. Kama kuna mahali ambapo kazi hii ingeweza kufundishwa kwa miguu, ni hapa.

Tuanze na vijiji. Hakuna anayechagua kaya 400 moja moja kutoka wilaya nzima ya Chamwino. Nauli peke yake ingemaliza fungu. Kinachofanyika ni kuchagua vijiji kadhaa, na ndani yake kaya kadhaa. Njia ni halali ila ina gharama yake. Majirani hufanana: wanachota kisima kimoja, wanategemea mvua ileile, wanamuuzia mnunuzi yuleyule. Kaya ya 40 ndani ya kijiji kimoja haikuambii mengi ambayo zile 39 hazijakuambia. Watakwimu huupima mfanano huo kwa namba kati ya 0 na 1. Tuseme ni 0.05, ambacho si kiwango kikubwa. Ukichukua kaya 400 kutoka vijiji 10, yaani 40 kila kijiji, zidisha 39 kwa 0.05 kisha ongeza 1: unapata 2.95. Gawa 400 kwa 2.95. Sampuli yako ina nguvu ya kaya 136 tu zilizochaguliwa moja moja, na kosa lako si asilimia 5 tena, ni 8.4. Kaya hizohizo 400 zikitoka vijiji 40, 10 kila kijiji, kigawo kinashuka hadi 1.45, nguvu inapanda hadi kaya 276, na kosa ni asilimia 5.9. Kwa maswali ya maji, umeme na barabara mfanano ni mkubwa zaidi, maana pampu ya kisima ikifa inakufa kwa kijiji kizima. Kwa hiyo fedha ikiongezeka, ongeza vijiji kabla ya kuongeza kaya ndani ya kijiji.

Namna ya kuvichagua vijiji hivyo haihitaji mtambo. Andika vijiji vyote vya wilaya na idadi ya kaya za kila kimoja, jumlisha kwa kulimbikiza ukishuka chini, gawa jumla kuu kwa idadi ya vijiji unavyotaka ili upate hatua, chagua namba ya nasibu isiyozidi hatua hiyo uanzie hapo, kisha uwe unaongeza hatua kila mara. Kijiji ambacho namba imeangukia ndani ya kaya zake ndicho kilichochaguliwa. Vijiji vikubwa vitaingia zaidi ya vidogo, na ndivyo inavyotakiwa. Ukichukua idadi sawa ya kaya katika kila kijiji, kila kaya ya wilaya inabaki na nafasi inayokaribiana na ya mwenzake. Ukichagua vijiji kwa kura ya kawaida na kuchukua kaya 10 kila mahali, kaya ya kijiji kidogo inapata nafasi kubwa kuliko ya kijiji kikubwa, na utalazimika kusahihisha hilo wakati wa uchambuzi.

Sasa umefika kijijini. Una barua yako kutoka ofisi ya mkoa hadi kata, umesaini kitabu cha wageni, na mtendaji wa kijiji amekufungulia daftari la wakazi. Hapa watafiti wengi hushukuru na kuanza kunakili majina. Wasifanye hivyo kabla ya kuuliza daftari lile liliandikwa lini na kwa ajili ya nini. Orodha iliyotengenezwa kwa ajili ya kukusanya michango huwa inapungua: vijana walioanza kujitegemea hawamo, wapangaji hawamo, waliojenga mashambani hawamo. Orodha iliyotengenezwa kwa ajili ya kugawa msaada huwa inaongezeka: kaya moja imegawanyika kuwa tatu, na aliyehamia Dar es Salaam miaka mitano iliyopita bado anasomeka. Kwa vyovyote, wanaokosekana si watu wa aina yoyote tu. Ni vijana, ni wafugaji, ni vibarua, ni wale wale ambao pengine utafiti unawatafuta.

Dawa ni kuiandika orodha upya kwa miguu, kitongoji kimoja kwa wakati. Watu wawili na mwenyekiti wa kitongoji au mtu anayemteua, mchoro wa mkono unaoonyesha njia, korongo, kanisa, msikiti na kisima, namba ya chaki mlangoni kwa ruhusa ya mwenyewe, na kwa kila kaya mambo matatu tu: jina la mkuu wa kaya, idadi ya wanakaya, na alama ya kuitambulisha nyumba. Kitongoji cha kaya 90 hivi kilichojengeka pamoja huisha kwa siku moja. Kwa vitongoji vilivyosambaa vya Bahi au Chemba weka siku mbili. Kama kijiji ni kikubwa, chagua kitongoji kimoja kwa kura ya uzito kama ulivyochagua vijiji, uorodheshe hicho tu.

Tuseme umetembea ukapata kaya 87 na unahitaji 10. Hatua ni 8.7, usiifanye 8 wala 9. Chagua namba ya kuanzia kati ya 0 na 8.7, mfano 3.4, kisha ongeza hatua: 3.4, 12.1, 20.8, 29.5, 38.2, 46.9, 55.6, 64.3, 73.0, 81.7. Panda hadi namba kamili inayofuata, na kaya zako ni ya 4, 13, 21, 30, 39, 47, 56, 65, 73 na 82. Zimesambaa kitongoji kizima, hata kule mwisho ambako pikipiki haifiki. Linganisha na ule mtindo wa kusimama katikati ya kijiji, kuzungusha kalamu chini na kufuata inakoelekeza. Kila mwelekeo unaanzia katikati, na katikati ya kijiji ndiko kwenye maduka, nyumba za walimu na mabati mapya. Ukifanya hivyo vijiji vyote, utaripoti mkoa wenye hali nzuri kuliko ulivyo.

Neno "kaya" lenyewe linahitaji kukaliwa kitako. Maana ya kitakwimu ni watu wanaoishi pamoja na kula pamoja, wa damu au si wa damu. Ugogoni, hata hivyo, kaya ni neno la wenyewe na linabeba maana ya mji mzima wa mtu: mzee, wake zake, watoto, pengine na mdogo wake aliyeoa. Ndani ya kaya hiyo kila mke ana nyumba yake, na mara nyingi ghala na chungu chake. Mdadisi akiuliza "kaya hii ina watu wangapi?" mzee atahesabu mji mzima na kusema 17, mke wa pili akiulizwa swali hilohilo huenda akahesabu wa chungu chake, 6. Hakuna aliyekosea. Uamuzi wa kuhesabu mji au chungu ufanywe ofisini, uandikwe kwenye mwongozo wa mdadisi kwa mfano wa mke zaidi ya mmoja, mtoto wa shule anayelala bweni, na baba anayefanya kibarua Morogoro tangu Machi. Kisha orodha na dodoso vitumie maana hiyo hiyo moja. Wastani wa ukubwa wa kaya unaopanda ghafla katika wilaya moja mara nyingi ni maana ya neno iliyobadilika njiani.

Ndani ya kaya, nani ajibu? Kwa mambo ya kaya nzima mkuu wa kaya au mwenza wake anatosha. Kwa maoni, lazima mtu mmoja achaguliwe kwa nasibu kati ya watu wazima wote. Leslie Kish aliweka jedwali lake la kuchagua mtu ndani ya kaya mwaka 1949, na wazo lake bado linafaa: andika watu wazima kwa mpangilio wa umri, namba iliyopangwa kabla ya mdadisi kuingia iamue. Njia ya "mwenye siku ya kuzaliwa iliyo karibu" haifai sana mahali ambapo wazee wengi wanajua mwaka tu, au hata huo hawaujui. Na asiyekuwepo arudiwe, mara tatu, kwa nyakati tofauti. Kumbadilisha kwa jirani aliyekaa kivulini ni kumbadilisha anayefanya kazi kwa asiyetoka. Jijini, maeneo kama Nzuguni na Ipagala huwa na nyumba nyingi zilizofungwa asubuhi ya siku ya kazi, kwa hiyo mdadisi wa jiji afanye kazi zaidi jioni na Jumamosi. Kijijini, siku ya mnada ni siku ya kupumzika timu.

Tukija kwenye swali lenyewe, hapa ndipo tungependa kila mwalimu atumie nusu ya muhula. Madodoso mengi yanayotumika nchini yameandikwa kwanza kwa Kiingereza, yakafasiriwa usiku wa kuamkia uwandani. Kiswahili kina namna zake, na swali lisilozijua linakusanya majibu ya kinyume.

Tazama hili:

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu, karibu."

"Bibi, katika msimu uliopita hamkutembelewa na bwana shamba?"

"Ndiyo."

Bibi amesema: ndiyo, hawakutembelewa. Kiswahili huitikia kauli nzima, na kauli ilikuwa ya kukanusha. Mdadisi mwenye haraka amegusa "Ndiyo" kwenye kishikwambi, na kaya hiyo imesomeka kuwa imepata huduma ya ugani. Wape kosa hilo wadadisi watano kati ya kumi na umeshapata ripoti inayosifu ugani usiokuwepo. Swali liandikwe bila kukanusha, lisomwe neno kwa neno kama lilivyoandikwa, na ikitokea mdadisi ameteleza, asikubali "ndiyo" tupu, arudie: "Yaani alikuja, au hakuja?"

Lingine: "Je, unafanya kazi?" Mwanamke aliyetoka kupalilia mtama tangu alfajiri atakujibu, "Sina kazi, mimi nalima tu." Kwa wengi wetu kazi ni ajira, yenye mshahara na bosi. Ukiuliza hivyo umefuta jasho la nusu ya wilaya. Uliza shughuli moja moja: katika siku 7 zilizopita, ulifanya shughuli yoyote ya shamba, hata kwa saa moja? Mifugo? Ulichoma mkaa, uliuza kitu chochote, ulipika pombe ya kuuza? Ndipo ujumlishe mwenyewe. Vivyo hivyo "jana mlikula mara ngapi?" Uji wa asubuhi, karanga, viazi, matunda ya porini, kwa wengi si kula. Kula ni ugali. Anayetaka kupima lishe aulize kilichoingia kinywani tangu kuamka hadi kulala, aina kwa aina.

Saa nazo. "Huwa unaamka saa ngapi kwenda kuchota maji?" "Saa kumi." Kishikwambi kinasubiri saa kwa mtindo wa saa 24, mdadisi anaandika 10:00 wakati mama ameamka 04:00. Tofauti ya saa sita, na mzigo mzito wa mwanamke huyo umetoweka kwenye jedwali. Fomu iwe na kisanduku cha saa ya Kiswahili pamoja na sehemu ya siku, alfajiri, asubuhi, mchana, jioni au usiku, na kompyuta ndiyo ifanye ubadilishaji.

Maswali yenye mambo mawili kwa pamoja kila kitabu kinayakataza, lakini bado yanapita. "Je, mwenyekiti na mtendaji wanasoma mapato na matumizi kwenye mkutano mkuu wa kijiji?" Mapato yalisomwa, matumizi hayakusomwa, alisoma mtendaji, mwenyekiti alikuwa safarini. Mhojiwa ajibu nini? Hayo ni maswali manne.

Mizani ya ngazi tano aliyoianzisha Rensis Likert mwaka 1932, ya kukubali sana hadi kukataa sana, tunaibeba kama ilivyo na kumsomea mzee ngazi zote tano mfululizo. Atashika ya mwisho aliyoisikia, au atasema "nakubali" ili mgeni aondoke salama. Ivunje mara mbili. Kwanza: "Unakubali au hukubali?" Kisha: "Sana, au kidogo?" Asiye na upande atasema mwenyewe kwamba hajui au yuko katikati, na jibu hilo liwe na nafasi yake kwenye fomu bila kusomwa. Changanya pia kauli za kusifu na za kulaumu. Anayekubali zote mbili hajakupa maoni, amekupa heshima.

Halafu kuna Kigogo, Kirangi, Kiburunge, Kisandawe. Katika baadhi ya vitongoji vya Kondoa na Chemba, bibi wa miaka 70 anaelewa Kiswahili cha salamu na cha sokoni, si cha dodoso. Kumwachia mdadisi afasiri papo kwa papo ni kuwa na madodoso mengi kama ulivyo na wadadisi. Maswali magumu yafasiriwe kabla, mtu mwingine ayarudishe kwa Kiswahili bila kuona ya awali, na palipotofautiana parekebishwe. Kazi ya siku mbili.

Vipimo vinastahili ukurasa mzima wa mafunzo. Mkulima wa Kongwa hatakutajia kilo. Atakutajia debe, sado au gunia. Gunia la mahindi la debe sita si sawa na lumbesa, na gunia la alizeti ni jepesi mno kuliko la mahindi kwa sababu mbegu ya alizeti imejaa hewa. Andika kipimo alichotaja na idadi yake, usimlazimishe mhojiwa wala mdadisi kugeuza kuwa kilo papo hapo. Nenda na mizani ya kuning'iniza, pima debe la kila zao katika kila kijiji mara tatu, ndipo ugeuze ofisini. Ekari pia: kijijini ni hatua 70 kwa 70, na hatua ni ya mguu wa aliyepima. Palipo na muda, zunguka shamba na kipokezi cha GPS kwa sehemu ndogo ya sampuli ili ujue watu wanakosea kwa kiasi gani. Kwa umri, ukiona wenye 40, 45, 50 na 60 wamejaa na wenye 41 na 52 hawapo, watu wamekadiria. Beba kalenda ya matukio yenye Azimio la Arusha la 1967, Operesheni Dodoma ya kuhamishia watu vijijini mwanzoni mwa miaka ya 1970, Vita vya Kagera vya 1978 na 1979, mvua kubwa za El Niño za 1997 na 1998, kifo cha Mwalimu mwaka 1999, pamoja na matukio ya kijiji chenyewe. "Ulikuwa umeshaolewa wakati tunahamishiwa vijijini?" ni swali linalojibika.

Msimu hausameheki. Mkoa huu una msimu mmoja wa mvua, Desemba hadi Aprili. Ukiuliza hali ya chakula Juni ghala limejaa; ukiuliza Februari watu wananunua debe kwa bei ya juu na wengine wameenda vibarua. Anayelinganisha utafiti wa Juni mwaka huu na wa Februari miaka mitatu iliyopita amepima kalenda. Na anayetaka kujua mavuno aulize ndani ya miezi miwili au mitatu baada ya kuvuna, kabla kumbukumbu haijachanganyika na kilichouzwa.

Kuhusu wadadisi tutasema machache lakini kwa msisitizo. Walipwe kwa siku, wasilipwe kwa dodoso. Anayelipwa kwa dodoso atajifunza haraka kwamba jibu la "hapana" kwenye swali la mwanzo linaruka maswali 12. Dodoso la dakika 45 vijijini ni kaya 4 au 5 kwa siku kwa mtu mmoja, kwa hiyo wadadisi watano watamaliza kaya 400 kwa siku 16 hadi 20, mbali na siku za kuorodhesha. Ukiona mtu ameleta 11 kwa siku, kaa naye. Msimamizi arudie kaya 5 hadi 10 katika kila 100, bila kutoa taarifa, na maswali sita tu yasiyobadilika: ulitembelewa, mko wangapi, mna ng'ombe, na kadhalika. KoboToolbox na ODK, programu za kukusanyia majibu kwa simu au kishikwambi, zinaweza kuhifadhi muda wa kuanza na kumaliza pamoja na mahali. Vitazamwe kila jioni, si baada ya mwezi. Na mwenyekiti wa kitongoji aliyekuleta ashukuriwe na aombwe kwa adabu asubiri mbali. Swali la uongozi au la michango likijibiwa mbele yake, jibu ni lake. Ridhaa iombwe kwa maneno ya kawaida, kabla ya swali la kwanza, na majina pamoja na namba za simu yatengwe na majibu mapema. Tangu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 hilo si hisani tena.

Kwenye uchambuzi, makosa yanayoumiza zaidi ni ya kawaida kabisa. Mfano: kaya 400 zimeulizwa ukubwa wa shamba. Kaya 388 wastani wao ni ekari 3. Kaya 12 hazikujua, zikawekewa 99. Mchambuzi hakuiambia programu kwamba 99 maana yake ni "hajui". Hesabu: 388 mara 3 ni 1,164, 12 mara 99 ni 1,188, jumla 2,352 gawa kwa 400. Wastani umekuwa ekari 5.9. Karibu mara mbili, na bado unaonekana wa kawaida kiasi kwamba hakuna atakayeushtukia. Kabla ya wastani wowote, toa orodha ya thamani zote za kila kigeu, yaani kila jambo ulilopima, kutoka ndogo hadi kubwa na uisome kwa macho.

La pili ni uzito. Watu wa Jiji la Dodoma ni asilimia 25 hivi ya mkoa. Ukihoji 200 jijini na 200 katika wilaya nyingine, na tuseme kwa mfano maji ya bomba yanawafikia asilimia 80 ya waliohojiwa jijini na asilimia 40 kwingineko, kujumlisha tu kunakupa asilimia 60 kwa mkoa. Ukiipa kila sehemu uzito wake, 0.25 mara 80 ni 20, na 0.75 mara 40 ni 30. Asilimia 50. Pointi kumi nzima zimezaliwa na mpangilio wa sampuli, si na mabomba. Uzito uandikwe kwenye faili siku ile sampuli inapochaguliwa. Baada ya miezi sita hakuna atakayekumbuka kitongoji kipi kilichaguliwa kutoka vingapi.

La tatu ni kigawanyo, yaani idadi unayogawia. "Asilimia 70 ya wanawake wamekopa kwenye vikoba" na "asilimia 70 ya waliokopa kwenye vikoba ni wanawake" ni habari mbili zisizolingana, na zote hutoka kwenye jedwali moja kutegemea umejumlisha kwa safu wima au kwa safu mlalo. Kila asilimia iandikwe na idadi iliyogawia chini yake.

Kwa hiyo mafunzo yageuzwe. Wiki ya kwanza wanafunzi wapelekwe kitongoji kimoja, Hombolo au Ntyuka, wakiwa na chaki, karatasi za mchoro na barua ya utambulisho, wakiorodheshe chote. Wiki ya pili kila swali wanaloliandika liulizwe katika kaya 10 na wadadisi wawili tofauti kwa siku mbili tofauti, kisha majibu yawekwe ubavu kwa ubavu. Swali ambalo majibu yake hayalingani katika kaya 3 au zaidi liandikwe upya na lirudi uwandani. Wiki ya tatu waingize data yao wenyewe, na "99" zao wenyewe. Tarakimu ya kwanza kuandikwa ubaoni wakirudi iwe tofauti kati ya daftari la mtendaji na orodha waliyoitembea, kitongoji kwa kitongoji, pamoja na aina ya kaya zilizokosekana. Kanuni ya Yamane ifundishwe baada ya hapo.